Sura ya Tano: Siku ya Tatu Mpe Jembe

Mama alikuwa na sharti moja tu: hatalala ghorofani. Daktari wa macho alikuwa amempangia aonwe Nairobi mara mbili, Jumatatu na Ijumaa, na kati ya siku hizo haikuwa na maana arudi Wundanyi kisha ateremke tena Voi kupanda treni. Mimi nakaa Pipeline, Embakasi, ghorofa ya tano, na jengo letu halina lifti. Magoti ya Mama yamechoka kwa miaka thelathini na minne ya kusimama mbele ya ubao. Kwa hiyo nikaanza kumtafutia nyumba ya chini yenye kiwanja, mahali ambapo mgeni hupewa kitanda usiku na kifungua kinywa asubuhi, kama zile za Limuru na Naivasha ambazo watu wa mjini hukimbilia wikendi, ila hii iwe karibu na hospitali.

Nyumba ya kwanza niliilipia kwa simu kwa sababu tangazo lake lilikuwa na neno "bustani". Nilipokwenda kuikagua nilikuta bustani ni vyungu vitatu vya maua kwenye roshani ya ghorofa ya saba, na dirisha la chumba linatazamana na ukuta wa jirani. Nilirudishiwa nusu ya pesa baada ya wiki mbili. Nyumba ya pili nilielekezwa na mwenzangu kazini. "Iko Kileleshwa," akaniambia, "lakini ukilala humo utadhani uko kwa nyanya yako." Kileleshwa niliyoijua mimi ilikuwa ya kupita ndani ya gari, kreni zikizunguka juu na malori ya mchanga yakiziba njia. Sikumwamini sana.

Tulifika Jumapili jioni. Nyuma ya lango la chuma kulikuwa na nyumba ya mawe ya kijivu, ya chini, paa la vigae vyekundu vilivyoota kuvu. Mbele yake nyasi, na pembeni mwa nyasi miparachichi miwili mikubwa kuliko nyumba. Ua ulikuwa wa kayaba, ule wenye miiba mirefu ambao zamani ulizunguka kila kiwanja upande huu wa jiji kabla ya kuta za zege na nyaya za umeme. Nyuma niliona matuta ya sukuma wiki na managu, na kuku wanne. Mwenye nyumba ni mjane aliyestaafu uuguzi. Alimpokea Mama kwa mikono miwili.

"Karibu, Mwalimu. Umetoka mbali."

"Asante, dadangu. Tumeshakaribia."

Nilikuwa nimemtajia kwa simu kwamba mgeni wangu ni mwalimu mstaafu, na tangu jioni ile hadi tulipoondoka hakumwita kwa jina lingine. Chumba kilikuwa na sakafu ya mbao inayong'aa kwa nta, vitanda viwili, mablanketi mazito, na chini ya blanketi la Mama mpira wa maji moto uliofungwa kwa kitambaa. Ilikuwa Julai. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na baridi yake ya Julai huingia hadi kwenye mifupa. Sebuleni kulikuwa na meko ya kuotea moto, na kila jioni wageni tulisogeza viti huko.

Asubuhi meza ni moja. Hilo ndilo linalozitenga nyumba za namna hii na hoteli. Tulikaa na familia kutoka Kisumu iliyokuja kwenye mahafali ya binti yao, na kijana wa Kiganda aliyekuja kwenye mkutano wa kazi. Kulikuwa na nduma, viazi vitamu, mayai, mkate, paipai, parachichi lililoangushwa na mti usiku, na uji wa wimbi kwa anayetaka. Mama alianza na chai. Aliinusa kwanza, akanywa funda moja, akatikisa kichwa kukubali. Maziwa na majani yalikuwa yamechemshwa pamoja sufuriani, tangawizi ikiwa imepondwa papo hapo. Hakuna kikombe cha maji moto na kipakiti kilichofungwa kwa uzi. Mama wa Kisumu akamuuliza shule alizofundisha, Mama akamuuliza binti amesomea nini, na saa moja ikapita bila mtu kushika simu.

Jina la mahali hapa lina historia yake. Leleshwa ni kichaka cha nyanda za juu zilizo kavu kiasi, na ukisafiri kuelekea Naivasha na Nakuru utakiona kimefunika vilima vizima. Majani yake ni ya kijivu, meupe upande wa chini, na ukiyafikicha vidoleni hutoa harufu kali ya kafuri. Vijana wa Kimaasai huyaweka kwapani ili wanukie vizuri. Wenyeji wengi huamini kwamba jina Kileleshwa limetokana na kichaka hicho, nami sioni sababu ya kuwabishia, kwa kuwa jina la Nairobi lenyewe limetoka katika Kimaasai, kwa maneno yanayomaanisha maji baridi. Nilitafuta leleshwa Kileleshwa kwa siku zote tulizokaa. Sikuona hata mti mmoja.

Reli ilipofika hapa mwaka 1899, ilisimama kwenye tambarare yenye kinamasi. Makao makuu ya serikali ya kikoloni yalihamishiwa Nairobi kutoka Mombasa mwaka 1905, na wakubwa wakapanda kwenye miinuko ya magharibi, penye udongo mwekundu, hewa baridi na mbu wachache. Waafrika walisukumwa mashariki, kwenye udongo mweusi unaonata kama gundi mvua ikinyesha. Kuanzia mwaka 1920 mwanamume Mwafrika alilazimishwa kutembea na kipande, cheti cha kazi kilichowekwa ndani ya kikebe na kuning'inizwa shingoni. Hadi leo, siku ya mvua, ukivua viatu mlangoni Kileleshwa utaona tope jekundu. Kwangu Embakasi ni jeusi. Mpaka huo ulichorwa kabla hatujazaliwa, na haujafutika. Nyumba kama ile tuliyolala zilijengewa maofisa wa serikali ya mkoloni. Baada ya Uhuru mwaka 1963 waliingia maofisa wa serikali yetu.

Na Babu yangu mzaa mama alikuwa mpishi katika mojawapo ya nyumba hizo. Ipi, Mama hajui. Nyumbani Taita Babu alisema "Kileleshwa" tu, kana kwamba mtaa mzima ulikuwa jiko moja. Alikuja mwaka 1954. Tarehe 24 Aprili mwaka huo, wakati wa Hali ya Hatari, serikali ilianza Operesheni Anvil, msako ambao maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru walikamatwa na kuondolewa Nairobi. Kazi walizoacha zikajazwa na watu wa makabila mengine, Wakamba, Waluhya, Wajaluo, na Wataita kama Babu. Mama anasema mzee hakupenda kuuzungumzia mwaka ule. Alijua kwamba kitanda alichopewa kilikuwa cha mtu aliyekuwa kizuizini.

Hilo Mama aliniambia Jumatatu jioni, mekoni, jicho moja likiwa limefungwa bandeji. Tangu hapo nyumba ile ilibadilika machoni pangu. Nilianza kutazama njia nyembamba ya saruji iliyotoka mlango wa jikoni kwenda nyuma.

Jumanne tulitoka kutembea. Barabara nyingi za Kileleshwa zimebeba majina ya wilaya na miji ya Kenya, na Mama, kwa jicho lake moja, alivisoma vibao kwa sauti kama anayeita daftari la darasa: Mandera, Siaya, Laikipia, Suguta, Gatundu, Githunguri, Othaya, Oloitoktok. Kila jina alilipa mkoa wake wa zamani na kitu kinachotoka huko. Mandera na Siaya ziko pembe mbili za nchi, na hapa unatoka moja kwenda nyingine kwa dakika chache. Nilikuwa nimepita kwenye vibao hivyo miaka tisa bila kugundua kwamba ni ramani.

Tukashuka hadi Arboretum. Watu wa Nairobi huitaja kila siku, lakini wengi hawajui ilianzaje. Ilianzishwa mwaka 1907 kama shamba la majaribio. Injini za reli zilikuwa zinakula kuni, misitu ya karibu ilikuwa inaisha, na idara ya misitu ilitaka kujua ni miti gani ya kigeni ingekua upesi katika udongo huu. Wakapanda mbegu kutoka pande zote za dunia, na nyingine wakaziacha zikue hadi mwisho wake. Leo eneo hilo la takriban hekta 30, lililopakana na Ikulu, lina zaidi ya aina 300 za miti, ya kigeni na ya kienyeji, na mingi ina kibao chenye jina la kitaalamu. Mto Kirichwa Kubwa unapita humo ukienda kuungana na Mto Nairobi. Mama alishika gome la kila mti aliofikia. Mbele ya mti mmoja alisimama muda mrefu, kisha akautaja kwa Kidawida, lugha ya kwao Taita, na uso wake ukachangamka kwa mara ya kwanza tangu hospitalini.

Siku ya kazi, Arboretum ni ya watu wa kila namna. Tuliwapita wakimbiaji, watoto wa shule katika mstari wa watu wawili wawili, wapenzi kwenye nyasi, na chini ya miti mirefu watu wanaoomba kwa sauti, kila mmoja peke yake, wakitembea huku na huku na macho wamefumba. Hakuna anayewashangaa. Katika jiji ambalo chumba kimoja hulala watu watano, mti umekuwa kanisa la mtu mmoja. Kima waliteremka kutazama mfuko wa Mama. Usiwalishe, hata wakikunyooshea mkono kama watoto. Kima aliyezoea ndizi za watu hujifunza kupora, na baadaye ni yeye anayeadhibiwa.

Alasiri tukaenda Makumbusho ya Kitaifa, mwendo mfupi kwa gari. Yalifunguliwa mwaka 1930 kwa jina la gavana wa kikoloni, Coryndon, na baada ya Uhuru yakapewa jina la taifa. Uani amesimama Ahmed, sanamu ya ndovu wa Marsabit mwenye pembe zilizokaribia kugusa ardhi. Mwaka 1970 Rais Kenyatta alitoa amri ya kumlinda, akawekewa askari wa kumfuata mchana na usiku, na alikufa kwa uzee mwaka 1974. Mama aliwahi kuifundisha habari hiyo bila picha.

Ndani alikwenda moja kwa moja kwa mvulana wa Turkana. Mifupa hiyo ina umri wa takriban miaka milioni 1.5, na ni miongoni mwa mifupa ya binadamu wa kale iliyokamilika zaidi kuwahi kupatikana. Aliyeiona kwanza ni Kamoya Kimeu, Mkenya, mwaka 1984, karibu na kijito cha Nariokotome magharibi mwa Ziwa Turkana. Ilikuwa siku ya mapumziko. Wenzake walipumzika, yeye akatoka kutembea, akaona kipande kidogo cha fuvu kilichofanana na mawe yaliyokizunguka. Mama alisogeza jicho lake zima karibu na kioo. "Alikuwa mtoto wa shule huyu," akasema taratibu. Tulibaki pale mpaka mlinzi akatukumbusha saa.

Mbuga ya Taifa ya Nairobi, ile ya mwaka 1946 yenye kilomita za mraba 117, hatukuingia, wala hatukwenda kuwalisha twiga Lang'ata. Mama ni jirani wa Tsavo. Ndovu anawajua kwa mahindi waliyokanyaga.

Jumatano, siku ya tatu kuhesabu kutoka Jumatatu, niliamka nikakuta kitanda cha Mama kitupu. Kwarara walikuwa wanapiga kelele juu ya paa. Nilimpata nyuma ya nyumba, leso kiunoni, ameshika jembe, anapalilia managu pamoja na kijana wa bustani. Mwenye nyumba alikuwa ameketi kwenye kigoda akichambua terere.

"Nimemkataza," aliniambia. "Amesema mgeni siku mbili, na ya tatu ndiyo leo."

"Mwache," nikasema. "Ukimkalisha ndio ataugua."

Mama hakuinua hata kichwa. Alikuwa anachimba kwa ncha ya jembe, taratibu, akizunguka kila shina bila kugusa mizizi, na udongo mwekundu ukipinduka unatoa mvuke kwa baridi ile. Alipomaliza tuta la pili alijinyoosha, akaifuata njia ya saruji kwa macho hadi kwenye vyumba viwili vilivyoshikamana na ukuta wa nyuma, vile vya watumishi tunavyoviita SQ.

"Naweza kuviona?"

Kimoja kilikuwa stoo. Mwenye nyumba alikifungua, akasogeza magunia ya mkaa. Chumba kilikuwa na urefu wa hatua nne na upana wa hatua tatu. Kidirisha kiliwekwa juu sana, anayelala asiweze kuona nje wala kuonekana kutoka bustanini. Ukutani kulikuwa na misumari mitatu ya kutundikia nguo, iliyopigwa kwa mstari ulionyooka kabisa, na kona moja ya dari ilikuwa nyeusi kwa moshi wa miaka. Huenda haikuwa nyumba ya Babu. Hatuna namna ya kujua. Mama aliweka kiganja ukutani akakaa nacho. Kisha akauliza kama mkaa huo unauzwa hapa karibu, maana kwao gunia limepanda bei. Mwenye nyumba akamjibu kuhusu mkaa. Walirudi jikoni wakiwa wameshikana mikono, na chai ya saa nne siku hiyo tuliinywa jikoni, sote.

Alhamisi ilikuwa ya Karura. Msitu huo wa hekta zaidi ya 1,000, kaskazini mwa Kileleshwa, una maporomoko ya maji, mapango ambayo wapiganaji wa Mau Mau walijificha, na mbega walioletwa kutoka Kipipiri. Una njia za baiskeli pia, lakini Mama alitaka jambo moja. Tarehe 8 Januari 1999 Profesa Wangari Maathai alikwenda Karura na wenzake kupanda mti, kupinga ardhi ya msitu kugawiwa watu binafsi, wakashambuliwa na kupigwa hadi damu. Miaka mitano baadaye alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani, mwanamke wa kwanza Mwafrika kuipata. Wiki ile ya 1999 Mama alisimama mbele ya darasa la saba huko Taita na hakujua awaambie nini watoto. Sasa alitembea kilomita mbili kwa magoti yale, akapumzika kwenye kila benchi, na kila benchi aliligonga kidogo kabla ya kukaa.

Nyumba ya wageni ya Kileleshwa si rahisi kuipata, na si zote ni nzuri. Uliza maji kabla ya kuuliza bei. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini, Murang'a, na mtaa huu hupewa kwa zamu. Kama hakuna kisima wala matangi makubwa, utaoga kwa ndoo. Uliza kifungua kinywa kinapikwa na nani. Omba picha ya mlango, ipigwe kutoka nje, uone kama kuna ardhi au roshani tu. Sisi tulilipa shilingi 4,500 kwa usiku, watu wawili, chai haihesabiwi.

Ijumaa asubuhi, tukisubiri gari la hospitali, mwenye nyumba alituonyesha barua. Kila baada ya wiki chache huja mtu wa kutaka kiwanja. Hasira hana nao. Anasema akifa watoto wake watauza, kwa sababu wako ng'ambo na kodi ya ardhi ni kubwa, na kinachomwezesha kubaki ni wageni. Vyumba vikijaa siku kumi na tano kwa mwezi, analipa mtunza bustani, mpishi na mlinzi. Visipojaa, anazihesabu upya zile barua.

Miparachichi ile itasimama kwa muda ambao kuna watu wanaolala chini yake. Kwa hiyo nakuomba wewe msomaji, hasa wewe unayeishi Nairobi na hujawahi kuwa mgeni ndani yake: siku mzazi wako atakapopanda basi au treni kuja kwa daktari, usimpe godoro la sebuleni kama unao uwezo wa kumpa usiku mbili mahali penye udongo. Mpeleke Arboretum asubuhi, kabla jua halijawa kali. Msomee vibao vya barabara. Kwenye lango la jirani wa ile nyumba kuna tangazo la kubadilisha matumizi ya ardhi, limefungwa kwa waya. Linasema ghorofa kumi na nne.